Nikiwa na siku moja tu Huế, je, nisimame Phu Văn Lâu?

Msomaji mmoja wa Morogoro ameandika kwamba mwezi wa Machi atakuwa Đà Nẵng, nchini Vietnam, kwa shughuli za kikazi, na kwamba amepata siku moja ya mapumziko ambayo angependa kuitumia Huế, mji uliokuwa makao ya wafalme wa nchi hiyo. Mwenzake aliyewahi kufika huko amemweleza kuwa jumba dogo lililo ukingoni mwa mto, liitwalo Phu Văn Lâu, ni la kupigwa picha kutoka dirishani mwa gari, kisha safari ikaendelea. Anauliza kama kuna haja ya kusimama pale, na akisimama atazame nini.

Ndugu msomaji, simama. Tena ningekushauri uianze siku yako papo hapo, kabla hujakata tiketi ya kuingia katika makasri, kwa sababu Phu Văn Lâu ni jumba linaloeleweka kwa kazi lililofanya na kwa mahali lilipokaa kuliko kwa ukubwa wake. Anayelifikia jioni, akiwa ametoka kuzunguka kumbi zenye nguzo nene zilizopakwa rangi nyekundu na dhahabu, ataona kibanda tu. Anayelifikia asubuhi, akijua kwamba hapa ndipo neno la mfalme lilipotoka nje ya kuta na kukabidhiwa watu, ataingia ngomeni akifahamu kwa nini kila lango limewekwa pale lilipo.

Ukoo wa Nguyễn uliitawala Vietnam kuanzia mwaka 1802 hadi 1945, wafalme 13 kwa jumla, na Huế ndiyo iliyokuwa makao yao makuu. Gia Long, mwanzilishi wa ukoo huo, alianza kujenga ngome kuu mwaka 1805 kwenye ukingo wa kaskazini wa Sông Hương, yaani Mto wa Manukato, na kazi hiyo ilikamilishwa mwaka 1832 chini ya mwanawe, Minh Mạng. Kuta za nje zina mzunguko wa karibu kilomita 10. Ndani yake kuna ukuta wa pili unaouzunguka Mji wa Kifalme, na ndani ya huo upo wa tatu, uliolizunguka eneo ambalo mfalme aliishi na watu wa nyumbani mwake na ambalo wengine walikatazwa kuliingia. Mtawala aliyejifungia nyuma ya kuta tatu alihitaji mahali pa kusemea na raia zake, na mahali hapo pasingeweza kuwa ndani. Kwanza palikuwa na kibanda kidogo cha kubandikia matangazo. Mwaka 1819, kuelekea mwisho wa utawala wake, Gia Long akaamuru lijengwe jumba la heshima zaidi, nalo likapewa jina la Phu Văn Lâu, jumba la kutangazia maandishi.

Jaribu kuufuata mwendo wa waraka mmoja wa kifalme. Amri kubwa, kama vile tangazo la kutawazwa kwa mfalme mpya au la msamaha kwa wafungwa, ilisomwa kwanza mbele ya maofisa katika eneo la kasri, kisha ikawekwa ndani ya kiti cha kubebwa mabegani kilichochongwa nakshi za majoka, ikafunikwa kwa miavuli ya heshima na kupelekwa kwa maandamano hadi mtoni. Hapo ikabandikwa ndani ya Phu Văn Lâu, huku wazee wa vijiji na maofisa wa wilaya za jirani wakiipokea kwa kusujudu. Nakala zilipelekwa majimboni. Maandishi yenyewe yalikuwa ya herufi za Kichina, ambazo wakulima na wavuvi wengi hawakuweza kuzisoma, kwa hiyo aliyejua kusoma ndiye aliyewapasha habari wengine, na habari ikaenea kwa njia ya masoko na mitumbwi. Wahenga wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Phu Văn Lâu lilifanya kazi ya mbiu kwa karatasi na ukimya, na watu wa mji walijua kwamba maandamano yakishuka kuelekea mtoni, basi kuna jambo.

Hapa ndipo pia yalipobandikwa matokeo ya mtihani wa juu kabisa nchini, ule uliofanyika ndani ya kasri na kutungiwa swali kwa jina la mfalme mwenyewe. Mtihani wa kwanza wa aina hiyo chini ya ukoo wa Nguyễn ulifanyika mwaka 1822 na wa mwisho mwaka 1919. Nakusihi ulitafakari hili kwa dakika chache ukiwa pale, kwa sababu ndilo linalonigusa kuliko yote katika historia ya jumba hili. Kijana wa kijijini aliyesoma kwa miaka mingi, aliyepita mitihani ya jimbo na ya makao makuu, alisubiri jina lake lisomwe mbele ya baraza la mfalme. Kisha orodha ya waliofaulu ikaletwa hapa na kuachwa kwa siku tatu ili kila apitaye aione. Aliyefaulu alivikwa joho, akaandaliwa karamu, na akarudi kijijini kwao kwa msafara wa heshima kwenda kuwashukuru wazee na mababu zake. Ukoo mzima ungeweza kubadilika hadhi kwa jina moja lililobandikwa kati ya nguzo hizi, na mzazi yeyote wa Tanzania aliyewahi kusubiri matokeo ya mtoto wake ataelewa bila kuelezwa zaidi.

Kwa kuwa maneno ya mfalme yalikaa pale, jumba lenyewe lilipewa heshima ya mfalme. Mwaka 1829 Minh Mạng aliagiza lisimikwe jiwe lenye maandishi yanayomwamuru kila apitaye ainamishe mwavuli wake na ashuke farasini. Litafute jiwe hilo, kwani mgeni hulipita bila kuliona. Wakati huo mwavuli ulikuwa alama ya cheo, na idadi na rangi ya miavuli ilimtambulisha ofisa kutoka mbali. Kumwamuru auinamishe ilikuwa sawa na kumwambia aweke cheo chake chini mbele ya karatasi iliyobandikwa. Jiwe jingine lililo karibu lina shairi la mfalme Thiệu Trị, aliyetawala kuanzia 1841 hadi 1847, linalohusu kusafiri kwa mashua mtoni alfajiri. Thiệu Trị alichagua mandhari 20 za mji wake na kuziandikia mashairi, na ukingo huu ukawa miongoni mwazo.

Shughuli za furaha nazo zilifanyika hapa. Minh Mạng alipotimiza miaka 40 kwa hesabu ya Kivietnam, mwaka 1830, sherehe zilifanywa mbele ya Phu Văn Lâu kwa siku tatu, na mwanawe Thiệu Trị naye aliwaandalia wazee karamu papo hapo alipoadhimisha miaka yake 40.

Sasa ulitazame jengo lenyewe. Lina ghorofa mbili na umbo la mraba, na urefu wake haufiki mita 12. Hesabu nguzo: utapata 16, zote za mbao zilizopakwa rangi nyekundu iliyoiva. Nne za katikati zinapanda moja kwa moja kutoka sakafuni hadi kubeba paa la juu, na 12 za pembeni zinabeba paa la chini. Ghorofa ya chini iko wazi pande zote nne, bila ukuta, na hilo linatokana na kazi yake, kwa kuwa kilichobandikwa ndani kilipaswa kuonekana kutoka kila upande. Ghorofa ya juu imezungushiwa mbao na ina madirisha ya mviringo. Vigae vya paa vina rangi ya manjano inayong'aa, na manjano ilikuwa rangi ya mfalme, kwa hiyo hata mtu aliyekuwa kwenye mashua katikati ya mto, asiyeweza kusoma herufi moja, alitambua jengo hili ni la nani. Usitarajie kupanda ghorofani. Jumba hutazamwa kwa kulizunguka, na kulizunguka kwa utulivu kunatosha.

Mwenzako akikuambia kwamba kitu chenyewe si cha zamani kwa sababu mbao zake zimebadilishwa, usibishane naye, lakini pia usikubali kwamba hilo linakipunguzia thamani. Huế ina unyevu mwingi, mvua nzito na vimbunga, na jengo la mbao katika hali hiyo huishi kwa kutengenezwa. Kimbunga cha mwaka 1904, ambacho pia kiliangusha sehemu za daraja la chuma la Trường Tiền lililokuwa limemalizika miaka mitano tu kabla yake, kiliharibu vibaya Phu Văn Lâu, na mfalme Thành Thái akalijenga upya mwaka 1905. Limetengenezwa tena mara kadhaa tangu wakati huo. Mwaka 2014 nguzo moja ya pembeni, iliyokuwa imeliwa na mchwa na kuoza, ilivunjika, na kona ya paa ikaanguka. Ukarabati mkubwa ulifuata. Mimi naliheshimu zaidi kwa sababu hiyo. Mafundi seremala wa Huế wamelirudisha kila mara katika umbo lilelile, kwa viungo vya mbao vilevile, na ujuzi huo wa mikono ni sehemu ya urithi kama zilivyo nguzo zenyewe. Majengo ya kale ya Huế, likiwamo hili, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1993.

Ukishamaliza, tembea hatua chache kuelekea majini. Kati ya Phu Văn Lâu na mto kuna jumba jingine, refu na la chini, lenye ngazi zinazoshuka hadi kwenye maji. Hilo ni Nghênh Lương Đình, lililoanzia enzi ya mfalme Tự Đức mwaka 1852, ambapo wafalme walipumzika kupunga upepo na kupanda mashua zao. Kabla hujaondoka, toa noti ya dong 50,000, fedha ya Vietnam, na uigeuze: majumba haya mawili ndiyo yaliyochorwa nyuma yake. Watu wengi huibeba noti hiyo mfukoni wiki nzima bila kujua.

Nghênh Lương Đình ndiyo inayokupa picha kamili ya jinsi mji ulivyopangwa, na hapa naomba ukae muda mrefu kidogo. Simama kwenye ngazi zake ukiupa mto mgongo. Mbele yako kuna Phu Văn Lâu. Nyuma yake, ng'ambo ya barabara ya Lê Duẩn, kuna Kỳ Đài, Mnara wa Bendera wenye majukwaa matatu ya matofali yaliyopandana, ulioanzishwa mwaka 1807. Na nyuma ya mnara, ingawa hutaliona kutoka hapo ulipo, kuna Ngọ Môn, lango kuu la Mji wa Kifalme, kisha ukumbi wa Thái Hòa wenye kiti cha enzi. Vyote vimepangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Sasa geuka uutazame mto. Mstari huohuo unavuka maji na kuelekea kwenye kilima cha Ngự Bình, chenye kilele bapa na urefu wa mita 100 hivi, ambacho wapangaji wa mji walikihesabu kuwa pazia la kuukinga uso wa kasri. Kushoto kwako, mto unakoelekea, kuna kisiwa cha Hến, na kulia kwako kisiwa cha Dã Viên. Viwili hivyo vilichukuliwa kuwa joka la buluu na simbamarara mweupe, walinzi wa pande mbili kwa mujibu wa elimu ya kale ya kupanga makazi. Phu Văn Lâu liko pale ambapo mstari wa mfalme unakutana na mto wa watu wote. Hakuna mahali pengine mjini ambapo mpango huo unaonekana kwa urahisi kiasi hicho, na bila kulipia kiingilio.

Kuna habari moja zaidi ya ukingo huu ambayo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anapaswa kuijua, kwa sababu inaishia katika Bahari ya Hindi. Watu wa Huế wakiitaja bandari ndogo ya Văn Lâu humkumbuka mfalme Duy Tân. Aliwekwa kitini mwaka 1907 akiwa mtoto wa miaka saba, baada ya Wafaransa, waliokuwa wakoloni wa nchi hiyo, kumwondoa baba yake Thành Thái, yuleyule aliyelijenga upya jumba hili. Mwezi Mei 1916, akiwa bado kijana mdogo, alitoroka kasri usiku ili kujiunga na mpango wa uasi dhidi ya Wafaransa uliosukwa na Trần Cao Vân na Thái Phiên. Siri ilivuja. Viongozi hao wawili waliuawa, na mfalme pamoja na baba yake wakapelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Réunion, mashariki mwa Madagaska. Thành Thái aliruhusiwa kurudi Vietnam mwaka 1947. Mwanawe hakurudi akiwa hai: alikufa katika ajali ya ndege mwezi Desemba 1945, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, akazikwa huko, na mabaki yake yakarudishwa Huế mwaka 1987. Ukitazama ngazi zile zinazoshuka majini, kumbuka kwamba wafalme wawili kati ya hao 13 waliishia kwenye bahari ileile inayopiga fukwe zetu.

Kuhusu mambo ya safari, Đà Nẵng na Huế zinatenganishwa na kilomita 100 hivi. Barabara kuu hupita ndani ya mlima kwa handaki la Hải Vân, lililofunguliwa mwaka 2005, lakini treni hupita nje, ikiuzunguka mlima juu ya bahari, kwa mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu. Chukua treni ya asubuhi na mapema, na ukate tiketi ya kurudi siku hiyohiyo kabla hujaondoka. Kituo cha treni cha Huế kiko ukingo wa kusini. Kutoka hapo hadi Phu Văn Lâu ni mwendo wa chini ya kilomita 2 kwa miguu, ukipita barabara ya Lê Lợi kando ya mto na kuvuka daraja la Phú Xuân. Uso wa jumba unaelekea kusini-mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi huliangaza kwa mbele, na kwa picha ndio wakati wa kufaa.

Mwezi wa Machi umechagua vizuri. Unaweza kukuta manyunyu na ukungu, lakini joto huwa la wastani. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo mkavu unaotoka upande wa Laos huupandisha mji joto kali, na kuanzia Septemba hadi Desemba mvua ni nyingi mno; Oktoba na Novemba mto hufurika, na ukingo wa Phu Văn Lâu huwa miongoni mwa mahali pa kwanza kufunikwa na maji. Mtu anayesafiri miezi hiyo aangalie taarifa za hali ya hewa kila siku.

Kwa utazamaji nilioueleza, tenga saa moja. Kisha vuka barabara na uingie ngomeni kwa mojawapo ya malango mawili yaliyo kushoto na kulia kwa Mnara wa Bendera, kwa kuwa katikati ya mnara hakuna njia. Nenda hadi Ngọ Môn, lililojengwa mwaka 1833, ukate tiketi hapo. Juu ya lango hilo ndipo Bảo Đại, mfalme wa mwisho, alipojiuzulu mbele ya umati tarehe 30 Agosti 1945. Ona kwamba tangazo kubwa kuliko yote lilisomwa hadharani, mbele ya watu wenyewe. Ndani, usikose ukumbi wa Thái Hòa, uliofunguliwa tena mwaka 2024 baada ya ukarabati mrefu, wala vyungu tisa vikubwa vya shaba vilivyo mbele ya hekalu la wafalme. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, kwa sababu utaingia katika mahekalu ambayo bado ni ya ibada kwa mababu.

Alasiri, wageni wengi hupanda mashua hadi pagoda (hekalu la Kibudha) ya Thiên Mụ, kilomita chache juu ya mto, kuona mnara wake wa ghorofa saba wa mwaka 1844. Ifanye safari hiyo, lakini mwombe mwenye mashua au dereva akufikishe mbele kidogo, hadi Văn Miếu, hekalu la Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, lililojengwa mwaka 1808, ambalo mashua nyingi hulipita bila kusimama. Majengo mengi ya hapo yameharibika, ila yamebaki mawe 32 yaliyosimikwa juu ya migongo ya kobe wa mawe, yenye majina 293 ya wasomi waliofaulu mtihani wa kasri. Hayo ndiyo majina yaliyobandikwa Phu Văn Lâu kwa siku tatu tatu, na kila jina limeandikwa pamoja na mahali mwenyewe alipotoka. Mkalimani akikusaidia kusoma machache, utaona wametoka majimbo mbalimbali ya nchi, wengine umbali wa wiki nyingi za kutembea kwa miguu hadi Huế.